Tua Kwanza

Mume wangu alikuwa na neno moja la kunizima: tulia. Nikigombana na mteja, tulia. Mbuzi wa jirani wakila mboga zangu, tulia. Lo, nililichukia neno hilo! Mimi ni mtu wa kuwaka haraka, na kuniambia nitulie ilikuwa ni kunimwagia mafuta ya taa.

Lakini neno lenyewe halina ubaya. Limetokana na kutua, yaani kushusha mzigo. Aliyetulia ni mtu aliyeshusha alichobeba. Kwetu Bwera, ambako wanawake tunabeba kapu mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, jambo hilo halihitaji mwalimu. Tena tuna desturi: mwenye mzigo hapewi habari mbaya. Anaambiwa kwanza atue.

Siku moja ya soko, miaka ile mto Nyamwamba ulipokuwa ukiivamia Kilembe, niliteremka sokoni Bwera na kapu la maharage. Mama yangu aliishi huko Kilembe, katika nyumba za zamani za wachimbaji wa shaba, karibu kabisa na maji. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha na simu yake haikupatikana. Nikajiambia ni betri tu. Mume wangu alikuwa ameondoka alfajiri na lori lake, akisema anafuata mzigo Kasese, mji ulio jirani na Kilembe.

Nikamkuta amesimama mlangoni pa soko, matope hadi kiunoni. Akasema, taratibu kama kawaida yake, "Tua kwanza, mama watoto."

Nilikataa. Nilishika mkanda kwa mikono miwili nikasimama katikati ya njia, shingo inaniuma, watu wananipita pembeni. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: nisipotua, mama hajafa. Muuza ndizi mmoja alitaka kunipokea, nikamfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mume wangu hakubishana. Alizunguka nyuma yangu, akaingiza bega chini ya kapu, akaliinua mpaka mkanda ukalegea. Akaninong'oneza akiwa hapo hapo chini ya maharage, "Mama iko muzima. Nimemuacha kanisani, anakunywa chai. Nyumba ndiyo ilienda na maji."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniambia nitue. Akasema nyumba nayo ni habari mbaya.

Mungu wangu, mtu huyu! Nilitupa mkanda, nikamgeukia nimpe yake. Ndipo nikaona mikono yake, kucha zimevunjika. Tangu asubuhi alikuwa akimtafuta mama kwenye matope, akifunua bati moja baada ya jingine, kila moja akidhani amelala chini yake. Nikaishika ile mikono. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na mmoja, na sikuwa nimejua kwamba naye huogopa.