Baba Alipokwenda Kukagua Chuo

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Kitale, baba alifuga ng'ombe wa maziwa na kuuza mitamba, yaani majike ambao bado hawajazaa. Wanunuzi wake wengi walitoka Bungoma, upande wa Sirisia na Bumula, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha. Hakumtoa mtamba mpaka aende kwanza aone anakokwenda kuishi. Mtu angekuja na pesa tayari mfukoni, naye angemwambia, "Ziweke tu. Nitakuja kwako kwanza." Wengine walikasirika wakaenda kununua kwingine. Hakujali. Alisema mnyama hana simu ya kukupigia akuambie anateswa.

Nilipokuwa mdogo alinichukua katika safari hizo, nami nilizipenda kuliko Krismasi. Tulifika kwa watu tusiowajua, tukapewa chai, kisha baba akaanza kuzunguka polepole, mikono mgongoni. Maji yako wapi? Mvua ikinyesha anasimama wapi? Ukisafiri, nani anabaki naye? Mimi nilikaa kwenye nyasi nikiutazama mlima Elgon, ambao huku ulikuwa umehama. Kwetu jua hutua nyuma yake. Ukiwa Sirisia, mlima ulikuwa umesimama mahali pengine kabisa, na nilidhani ukisafiri vya kutosha unaweza kuupanga mlima utakavyo.

Nikamaliza sekondari, alama zikaja nzuri, na ukafika wakati wa kuchagua chuo kikuu kwenye mtandao. Mimi nilikuwa nimeshachagua zamani kwa sababu ya picha. Niliiona kwenye simu ya mama: chuo cha mbali, upande wa pili wa nchi, jengo jeupe, nyasi zimekatwa vizuri, wasichana wameketi kivulini na vitabu na mmoja wao anacheka. Kichwani mwangu, huyo anayecheka alikuwa mimi. Niliosha vyombo nikiwa kule. Nilikamua nikiwa kule, mpaka ng'ombe akaipiga ndoo teke na mama akauliza kama naumwa. Nilitaka kusomea kazi ya maabara ya hospitali, na kule kozi hiyo ilikuwa na jina refu, tamu kulitamka. Nilitaka umbali pia. Nilimpenda baba, lakini nilikuwa nimechoka kuishi chini ya macho yake.

"Umeenda kukiona?" akaniuliza.

"Baba, siku hizi watu wanaona kwa simu."

"Na hiyo simu inakuonyesha choo?"

Kule mbali hatungeweza kwenda, mahindi yalikuwa yanapandwa. Lakini Bungoma kulikuwa na chuo kingine chenye kozi kama ile, na baba akasema twende tukione hicho cha karibu, angalau nijifunze kuuliza. Nilienda nimenuna.

Aliichagua siku ya mvua makusudi, siku ambayo hakuna mgeni anayetarajiwa. Alisema wageni wakitangaziwa siku yao, hata zizi bovu hufagiliwa. Basi tukaingia na viatu vyenye tope, baba amevaa koti lake refu la mvua, akaanza kuzunguka vilevile, mikono mgongoni. Nilitamani ardhi inimeze. Alifungua bomba. Alichungulia maktaba akahesabu kwa macho viti vilivyokaliwa. Kisha akamsimamisha msichana aliyekuwa akitoka maabara na koti jeupe.

"Mami, mkiingia humo, mnashika mashine ama mnatazama tu mwalimu akishika?"

"Tunashika, mzee. Mashine si mingi ati, tunapeana zamu. Lakini kila mtu anashika."

"Na ukimaliza, utakubaliwa kazi?"

"Tunafanya mtihani wa leseni. Hiyo ndio niliuliza mbele ya yote. Dadangu alisoma kwingine akamaliza, akaambiwa kozi yake haitambuliwi. Saa hii anauza mitumba." Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba maji hupotea mara kwa mara, mabweni hayatoshi, na kuna mhadhiri mmoja anayekuja akipenda. Kwa mazoezi ya kazi wengine hupelekwa Lugulu, kwenye hospitali ya misheni, na huko hakuna mchezo.

Baba akatabasamu. Alimwamini sana mtu aliyetaja ubaya wa kwake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, aliniambia tukitoka, na hapa sijaona kitu kinachojitembeza. Kisha akanigeukia. "Sasa hicho chuo chako. Niambie mimi. Maji yako wapi?"

Nikacheka. Lakini sikuwa nimemuuliza hata mtu mmoja aliyesoma pale.

Mtandao wa kuchagulia vyuo ulikuwa karibu kufungwa. Nikatafuta mpaka nikapata namba ya msichana wa kanisani kwetu aliyekuwa mwaka wa tatu kule. Alifurahi kunisikia.

"Hiyo nyasi iko, si uongo," alisema. "Lakini hiyo kozi yako haisomewi hapa, bana. Wako kwa tawi la mjini, juu ya duka la magodoro. Na mambo ya leseni, wanaambiwa tu wangoje."

Nilienda kukaa na ndama nikalia. Nililia kwa ajili ya yule msichana wa kivulini, kana kwamba amefariki. Leo wapwa zangu wakiniuliza chuo gani ni kizuri, siwatajii chuo. Nawaambia waende siku ya mvua, waulize kozi yenyewe inafundishiwa jengo lipi, wamtafute mtu anayeisoma sasa, na wamwombe awaambie mabaya kwanza. Wananiona mzee. Asubuhi baada ya kulia kule kwa ndama nilichagua Bungoma, nikamwambia baba kwa sauti kavu, naye akajibu, "Haya," akaendelea kukata nyasi za ng'ombe.

Siku ya kuripoti alilibeba godoro langu mwenyewe hadi chumbani. Akalitikisa dirisha, akauliza nani atalala kitanda cha pili, akabonyeza swichi ya taa. Halafu maswali yakamwishia. Akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Ungechagua kule mbali, ningekuachilia uende," akasema. "Lakini ulipochagua hapa nilienda nyuma ya ghala nikalia. Nilifurahi mpaka nikaona aibu."

Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akiogopa, na sasa nilimwona. Nikamwambia awahi, mvua inakuja, na akatii kama mtoto.

Nilimtazama kutoka dirishani akivuka uwanja hadi getini. Hakugeuka. Nilikuwa nimeota kwa muda mrefu jinsi nitakavyoondoka nyumbani, nimemwacha baba amesimama akinitazama. Sikuwahi kuota kwamba mimi ndiye nitakayebaki nimesimama, na yeye ndiye atakayekuwa anaondoka.