Kimeo na Maji ya Chumvi

"Kama kifua chake ni kizima, kikohozi kinatoka wapi?"

Mama aliniuliza hivyo Jumamosi asubuhi, uani kwake Makanyagio, huku amembana kidevu mtoto wa dada yangu. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Dada alikuwa kijijini Mamba kwenye mpunga, ametuachia binti yake pamoja na kikohozi chake. Mimi nilikuwa na digrii ya sosholojia, wiki ya tatu tangu nirudi nyumbani.

Kikohozi chenyewe kilianza kila alfajiri mtoto akiwa bado amelala, kikampiga mpaka akatapika. Mchana kilipoa, likabaki kamasi zito la kijani lililoziba pua zote mbili, na mdomo unaonuka kama nyama iliyolala. Nyumba ya mama imepakana na mashine ya kukoboa mpunga. Wakati wa kiangazi vumbi la pumba huingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Zahanati walimsikiliza kifua mara mbili, wakasema hakina kitu, wakampa dawa ya maji. Mama akatoa hukumu yake: kimeo.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya mdomo. Kwetu mtoto akikohoa muda mrefu, akitapika, akikonda, watu husema kimeo kimerefuka, kikatwe. Najua kinavyokatwa. Changu kilikatwa Mamba nilipokuwa na miaka saba. Mama alinilaza chali kwenye mkeka akanikalia miguu, mama mkubwa akapiga magoti juu ya viganja vyangu, mkataji akanitia kijiti kati ya meno nikakiuma mpaka kikalia. Kisu chake kilikuwa kimepinda kama mundu wa kuchezea. Kabla ya maumivu nilisikia sauti, kama mtu anakata kamba mbichi ndani ya kichwa changu. Halafu damu ya moto, nyingi, nikaimeza kwa sababu hakuna aliyeniachia nigeuke. Mkataji aliniwekea kile kipande kiganjani.

"Kione," alisema. "Ndicho kilichokuwa kinakunyima usingizi."

Niliendelea kukohoa. Nilikohoa shule ya msingi yote, na mpaka leo nikinywa chai kwa haraka inarudi kupitia puani. Darasani walipenda sana kuniangalia nikinywa uji.

"Mimi nilikatwa, mama, na sikupona," nilimwambia Jumamosi ile.

"Ulikatwa ukafika chuo kikuu."

"Nilifika nikikohoa."

"Ulifika. Haya, msomi, nimekuuliza swali."

Nikasema hakuna utafiti unaoonyesha kwamba kimeo kinaleta kikohozi. Mama akacheka. "Huo utafiti uko wapi nimpe mtoto aunywe?"

Mkataji alishuka kwenye bodaboda saa nne. Hakuwa yule wa Mamba. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, kisu chake amekifunga kwenye kitambaa cheupe. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nami nikaudhika, maana nilikuwa nimejiandaa kumlaumu kwa uchafu. Akanielekeza niwashe tochi ya simu.

"Mulika hapa, mwenye digrii. Ukitetemeka nitakata ulimi."

Nikamulika. Sijui kwa nini nilitii. Mama alimlaza mtoto mkekani akamkalia miguu, mkono mmoja ukamkandamiza paji la uso. Kijiti kikaingia. Juu ya kile kijiti mtoto akanitafuta kwa macho, na kwa mdomo usioweza kufunga akasema, "Mamdogo."

Niliupiga mkono wa mkataji kwa simu. Kisu kiliruka, kikanichana juu ya kiwiko, kikaangukia kwenye beseni la vyombo. Mama aliinuka akanizaba kofi, akaongeza la pili, na kabla ya la tatu nilimsukuma kifuani kwa mikono yote miwili. Sikumsukuma ili nimzuie. Nilimsukuma ili aanguke. Aliangukia jiwe la kufulia, mkono ukiwa chini yake, na mfupa ukalia kama kilivyolia kijiti kati ya meno yangu.

Mtoto alikuwa akikohoa. Mkataji alikiokota kisu, akakipangusa, akakifunga.

"Nyie hamhitaji mtu wa vimeo," alisema. "Nyie mnahitaji polisi."

Kwenye bajaji kwenda hospitali mama hakunitazama. Mtoto alikaa katikati yetu, damu ya mkono wangu ikidondokea gauni lake. Daktari aliyemfunga mama hogo la plasta alikuwa kijana wa rika langu. Alimuuliza imekuwaje.

"Huyu mdogo ana kimeo," mama alijibu, "na huyu mkubwa amenivunja mkono."

Daktari akamaliza kufunga, akamwita mtoto, akamfungua mdomo chini ya taa. Akamwita mama asogee aone. Nami nikasogea. Nyuma ya kimeo, kwenye ukuta wa koo, ute wa njano ulikuwa unashuka taratibu kutoka juu, kama konokono.

"Hicho kikohozi kinatoka puani," alisema. "Ni sainasi."

Akaeleza kwamba ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vya hewa, na kwamba vyumba hivyo na pua vimeota vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga kasia mchana na usiku kuusukuma ute kuelekea kooni ili tuumeze bila kujua. Vumbi na ugonjwa vikiviangusha, ute husimama, unaoza, na mtoto akilala unamtiririkia kooni. Ndipo anakohoa.

"Umeviona wewe hivyo vinyweleo?" nilimuuliza.

"Kwa hadubini, chuoni."

"Na kimeo?" mama akauliza.

"Kimeo kimesimama tu njiani, mama yangu."

Alitupa vidonge, na bomba la sindano lisilo na sindano. Maji yachemshwe, yapoe hadi vuguvugu, chumvi kidogo, mtoto ainame, yaingie pua moja yatokee nyingine, asubuhi na jioni. Mtoto asilale jirani na mashine.

Siku ya kwanza mtoto aliniuma kidole. Nikamlaza, nikamkandamiza, nikapiga goti juu ya kiganja chake na kusukuma maji. Alipaliwa, akapiga kelele. Mama alikuwa kwenye kigoda, hogo limening'inia shingoni.

"Goti hilo," alisema, "ni lilelile la mama yako mkubwa."

Nilimwachia mtoto. Nikajaza bomba, nikainama juu ya beseni mimi mwenyewe, nikasukuma. Ilichoma hadi nyuma ya macho. Kikatoka kitu chenye rangi ya kutu, kigumu, kirefu, na harufu niliyoifahamu kwa sababu nilikuwa nikiamka nayo miaka yote nikidhani ndiyo harufu ya asubuhi.

Mtoto alichungulia beseni. "Mamdogo, una mjusi."

"Huyo amekaa humo tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu Mamba."

Mtoto akaomba bomba, naye atoe mjusi wake.

Tulihamishia kitanda chake chumba cha mbele. Wiki ya pili hakutapika. Wiki ya tano alilala mpaka jua lilipochomoza, na mama ndiye aliyeniamsha kuniambia kwamba hajakohoa, kana kwamba ni msiba. Mkono wake uliunga ukiwa umepinda. Mpaka leo hauwezi kukamua nguo. Sijawahi kumwomba radhi kwa maneno, wala yeye hajaniomba mimi. Nguo nakamua mimi.

Siku alipofunguliwa hogo aliniuliza, "Hivyo vinyweleo, vikishauawa na uchafu, ndiyo basi?"

Nilisema sijui, na kwa mara ya kwanza sikutaja utafiti wowote.

Ilipita miaka minne kabla sijajua. Vinaota upya. Ukiacha kuviumiza, wiki chache zinatosha, hata pale ugonjwa ulipovikwangua vyote. Kimeo hakioti.