Mdomo Ulishonwa, Kaakaa Likaachwa

Watu walimwita Sindano kwa sababu mbili: alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulichoma. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hachomwi, mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa na jibu la swali linalowasumbua madaktari hadi leo: kwa nini mjukuu wake alizaliwa na mdomo uliopasuka.

"Alimcheka mtu," Bibi alikuwa akisema mbele ya wateja, Sindano akiwa na pini mdomoni. "Nilimwambia mja mzito hacheki watu. Sikio la kufa halisikii dawa."

Uongo mtupu! Miezi ile Sindano alikuwa akitapika kutwa, hata kucheka alisahau. Lakini nani alimuuliza? Jirani mmoja akasema ni mkasi, kwa kuwa alikata vitambaa na huku ana mimba. Mwingine akasema ni dawa za malaria. Mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole kupita kiasi, hakusema lolote, na kimya chake kilimuudhi mkewe kuliko maneno ya wote. Mimba ilikuwa ya wawili, lawama ikawa ya mmoja.

Mtoto alipokuwa mchanga, walikuja madaktari wageni wakamshona mdomo wa juu. Walishona vizuri, na Sindano, ambaye hadanganyiki kwa mshono, alikiri hivyo. Wakampiga picha, wakapeana mikono. Ila ndani, kwenye paa la mdomo, kaakaa lilikuwa limepasuka mpaka nyuma. "Hilo tutalishona akikua kidogo," wakasema, wakapanda gari na picha zao. Hawakurudi.

Tangu hapo, kila alipompeleka kliniki, muuguzi alimtazama kwa nje tu. "Mbona huyu ameshapona, mama?" Hakuna aliyemwambia mtoto afumbue kinywa! Uji ulimtokea puani, masikio yalitoa usaha, yakakauka, yakaanza tena, na wao wakaendelea kuusifia mdomo.

"Nikikushonea koti, nikalipiga pasi kola, halafu bitana ya ndani nikaiacha inaning'inia, utasema koti limekwisha?" Sindano aliwauliza siku moja. Muuguzi akaita mgonjwa mwingine.

Na mtoto mwenyewe alipenda maneno kweli kweli. Mama yake alimwita Chiriku. Alisimulia tangu anaamka, ila maneno yalipotelea puani, na mgeni hakuambulia kitu. Dukani, bombani, kliniki, Sindano ndiye aliyekuwa mkalimani. Bibi alitikisa kichwa tu. "Mimi simpati hata neno."

Siku ya kuandikisha watoto shule, Sindano alikuwa amebanwa na sare za shule ile ile, akamwomba Bibi ampeleke mtoto. Walirudi upesi mno. Mwalimu alikuwa amemuuliza Chiriku jina lake, hakuelewa jibu, akamgeukia Bibi.

"Huyu hasemi," Bibi alikuwa amemjibu.

Basi, likaisha hilo. Mtoto akae nyumbani mpaka ajue kusema. Sindano aliiweka chini sketi ya mtoto wa mwenzake na hakuimaliza siku ile.

Wiki iliyofuata kliniki ikatangaza kuwa kuna mtafiti, na akina mama wenye watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka wanahitajika. Sindano akamwogesha Chiriku, akamvika gauni jipya. Siku ya kaakaa imefika! Bibi naye akavaa viatu. "Nakwenda ili ukweli usemwe," akasema.

Mtafiti alikuwa daktari kijana, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, mwenye adabu zake. Mezani alikuwa na pakiti ya vijiti vyenye pamba nchani. Akaanza. Ulivuta sigara? Ulikunywa pombe? Dawa gani? Ulikula nini? Sindano akajibu moja moja, shingo ikimpanda joto. Mbona mumewe hakuitwa akaulizwa alivuta nini?

"Katika ukoo wa baba kuna mwingine aliyezaliwa hivi?" mtafiti akamuuliza Bibi.

"Kwetu?" Bibi akanyoosha shingo. "Hata mmoja. Kwetu ni safi. Huyu alimcheka mtu."

"Kucheka hakupasui mdomo wa mtoto, bibi. Mara nyingi ni mambo ya kurithi, yakichanganyika na mengine ambayo bado tunayatafuta. Si kosa la mama."

Si kosa la mama. Maneno aliyoyangoja tangu siku aliyojifungua, na sasa yanasemwa na mtu anayechana pakiti.

"Tutachukua mate ya mtoto, yako na ya bibi, na mtakuwa mmemaliza."

"Na kaakaa?"

"Mama, mradi wetu ni wa kutafuta sababu. Matibabu ni mradi mwingine."

"Uko wapi?"

Mtafiti akashusha miwani. "Kwa sasa haupo."

"Chiriku, fumba mdomo," Sindano akasema. Mtoto akafumba. "Mdomo huu umepigwa picha, umepimwa, umesifiwa. Ninyi mnataka kujua ufa umetoka wapi. Mimi nataka kujua utazibwa lini. Nyumba yako ikivuja, unangoja kwanza wasome mawingu? Daktari anayeshona makaakaa unamjua, humjui?"

"Namjua, yuko hospitali kuu, lakini utaratibu—"

"Mpigie. Mate yetu hayakauki, yatangoja."

Hapo Chiriku akafumbua mdomo bila ruhusa, akasema kitu kirefu, kupitia puani. Mtafiti akamtazama Sindano, kama walivyozoea wote, ili amfasirie. Sindano akakunja mikono. Amechoka. Amsikilize mwenyewe!

"Anasema akishonwa," sauti ya Bibi ikasikika, "mwalimu atamsikia akitaja jina lake."

Neno kwa neno. Sindano akageuka taratibu.

"Mama, kumbe unamwelewa?"

Bibi alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja, lakini maji yakimwagika hayazoleki. "Siku zote," akasema. "Dada yangu alizaliwa hivi, akisema hivi hivi. Tulilala kitanda kimoja. Wageni wakija, tulimficha jikoni."

Mtafiti akaidaka kalamu. Sindano akaweka mkono juu ya karatasi.

"Simu kwanza."

Mtafiti akapiga. Akabishana na mtu, akangoja, akabishana tena, mpaka siku ya kumwona mtoto ikapatikana. Sindano hakusema asante. Ashukuru nini, kupewa leo haki ya mtoto iliyocheleweshwa tangu alipokuwa ananyonya? Akatoa mate yake, Chiriku akatoa yake, na Bibi, macho chini, naye akafumbua kinywa.

Nje, kwenye ngazi za kliniki, Sindano akasimama.

"Kesho asubuhi, mama, utakwenda kwa yule mwalimu. Utamwambia mtoto anasema. Na mpaka ashonwe, na mpaka afundishwe kutamka vizuri, utakaa naye darasani umfasirie."

Bibi akazungusha pindo la khanga kidoleni. "Watu wataniuliza nimejuaje kumwelewa."

"Watakuuliza," Sindano akasema, akimshika Chiriku mkono. "Na wewe utawaambia."