Matuta Yasiyolimwa

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi ya ardhi hapa Sumbawanga, bibi mmoja aliweka kidole juu ya ramani ya viwanja vipya vya nyumba.

"Hapo ni shamba lililoachwa, bibi," karani alimweleza. "Mpimaji aliona matuta."

"Mpimaji wenu ni Mfipa?"

"Hapana, ametoka pwani."

"Sisi Wafipa tuta la shamba tunalivunja kila msimu. Hayo hatujayagusa tangu vita vya Wajerumani. Humo wamelala askari na wapagazi, na babu yangu yumo. Mtamjengea jiko kifuani?"

Simlaumu mpimaji; udongo uliolundikwa haujielezi wenyewe.

Karani alifuta neno "shamba", akaandika "makaburi" kwa penseli. Bibi hakuondoa kidole.

"Wino hamna, mjukuu wangu?"