Mwisho wa Sinema Ambao Anaclet Kapya Hakuuona

Anaclet Kapya alikuwa mtu wa kusifu kwa shida. Kwa miaka mingi pale Élisabethville, huko Katanga, aliandika ukurasa wa mwisho wa gazeti la misheni, ulioitwa "Tumesoma, Tumeona", akipima vitabu vya dini na sinema walizoonyeshwa watu weusi wa mji. Kitabu kilichomchosha alikiita bukari isiyoiva, yaani ugali mbichi. Juu ya kitabu kimoja cha maisha ya binti mtakatifu wa Ulaya aliandika kwamba mwandishi amemsafisha mno yule binti, mpaka hakubaki mtu wa kupelekwa mbinguni. Mapadri walicheka, wakachapa.

Alizaliwa Mitwaba. Baba yake alipochukuliwa kwenda kutandika reli, Anaclet aliachwa misheni, akaingia seminari ndogo, akajifunza Kifaransa na Kilatini. Alitoka kabla ya kumaliza kwa sababu alimpenda Victorine Numbi, na jambo hilo hakulijutia hata siku moja. Wakashuka mjini, akapata ukarani katika ofisi ya mizigo, wakapewa nyumba ya matofali kule mtaa wa Kamalondo. Watoto walizaliwa, wakafa wadogo, isipokuwa Edouard.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Yaliondoka polepole, kama mgeni anayeaga nyumba moja moja. Kwanza hakuona waliokuja kwa pembeni. Halafu herufi zikaanza kuyeyuka kwenye karatasi. Kabla ofisi haijagundua, aliaga kazi mwenyewe, akasema kifua kinamsumbua, na kwa kuwa moshi wa bomba la kiwanda ulikuwa unakohoza nusu ya mji, watu waliamini. Ule mwaka wa 1956 ulipofika, Anaclet alikuwa anatofautisha mchana na usiku tu. Lakini miwani yake minene aliivaa kila asubuhi na kuifuta kwa leso, na nje ya nyumba hakuna aliyejua.

Siri hiyo ilibebwa na Victorine. Kusoma alifundishwa na masista, katikati ya masomo ya kushona, na Kifaransa chake kilikuwa kinachechemea. Mchana, vyombo vikishaoshwa, alikaa karibu na mbabula, jiko la makaa, akamsomea mume wake silabi kwa silabi vile vitabu vya kufariji roho: watawa waliougua wakitabasamu, wajane waliosamehe, askari walioongoka kwenye mahandaki. Mara nyingi hakuelewa alichotamka. Anaclet ndiye aliyeyaokota maneno yaliyovunjika na kuyaunga.

"Rudilia hapo, Mama Edouard. Siyo 'mvuvi', ni 'mwenye dhambi'."

"Mu Kifaransa zinafanana."

"Hata mu maisha," alijibu Anaclet, naye Victorine akacheka.

Kisha alimwambia maneno, naye akayaandika. Padri Laurent, msimamizi wa gazeti, aliambiwa kwamba mkono wa mzee unatetemeka, ndiyo maana mke anamwandikia. Kwenye sinema walikaa benchi la nyuma, bega kwa bega, na Victorine alimnong'oneza kila alichokiona. Wanawake wengine walimsengenya kwamba anamlinda mume wake kama kuku wa kuibwa.

Ulimwengu wote wa Anaclet ulipita katika mdomo wa mke wake. Alimwamini kama mtu anavyoamini sakafu.

Edouard, kijana wao, alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi kwenye mgodi mmoja upande wa magharibi, uliozungukwa na seng'enge na askari. Alipokuja likizo alikuwa amevaa viatu vipya na hakusema mengi. Hapakuwa na haja. Tangu vita viishe, watu wa Katanga walijua bila kutangaziwa kwamba jiwe lililounguza miji miwili ya Wajapani lilitoka katika udongo wao. Wengine walilisema kwa kunong'ona, wengine kwa majivuno. Nyumbani kwa Anaclet halikusemwa kabisa.

Mwezi wa kumi, joto likiwa limebana na mvua bado haijaamua, Padri Laurent aliwapatia wanachama wa serkle sinema ambayo kwa kawaida isingeruhusiwa kuonyeshwa kwao. Serkle ilikuwa chama cha makarani na walimu, ambao Wazungu waliwaita évolués, yaani 'walioendelea'. Padri alisema wao ni watu wazima, wataielewa. Walikuja na wake zao, suti zimepigwa pasi, wakajaza ukumbi wa parokia.

Ilikuwa hadithi ya meli iliyokwama kwenye bandari ya mji mkubwa, tumboni mwake mna bomu lililoanza kuhesabu lenyewe. Anaclet alisikia ving'ora, miguu ya watu wanaokimbia, na sauti za wakubwa wakibishana. Kijana mmoja fundi aliteremshwa ndani ya meli peke yake na koleo mkononi.

"Eko anatoka jasho," Victorine alinong'ona. "Mama yake anabaki kwenye kilima, anaangalia bandari. Hataki kukimbia."

Katikati ya sinema, Mzungu mmoja kwenye picha alieleza kwa Kifaransa cha kisomi kwamba unga ule wa bomu ulichimbwa mbali, katika shimo fulani la Afrika. Mtu mmoja mbele akapiga kelele, "Ni kwetu!" Wengine wakapiga makofi. Anaclet alisikia mkono wa Victorine ukikaza juu ya mkono wake, akadhani ni kwa sababu ya kijana wa koleo.

Mara Padri Laurent aliitwa mlangoni. Kulikuwa na mgonjwa mahututi aliyehitaji mafuta matakatifu, akatoka akiwaacha wenyewe.

Mwishoni sauti zote zikakatika. Hakuna king'ora, hakuna muziki, hakuna mtu aliyesema. Anaclet alingoja. Ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza, hata benchi halikulia.

"Iko nini?" aliuliza. "Mama Edouard, sema. Iko nini?"

Victorine alichelewa. Aliponong'ona, sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Amekata waya. Imesimama. Batu wanapiga magoti mu njia. Mama yake anashuka kwenye kilima."

Anaclet alivuta pumzi. Watu walipotoka bila kuzungumza, aliona nao wameguswa kama yeye.

Wiki ile alitunga maneno yake kwa furaha ambayo Victorine hakuwa ameiona kwake tangu macho yalipokwenda. Yeye asiyesifu, alisifu. "Wengine watasema sinema hii inatisha," alimwambia aandike. "Mimi nasema inasali. Mwishoni bomu linanyamazishwa, na mtengenezaji anajua kwamba hapo hakuna neno la kuongeza. Anatuachia kimya. Vitabu kumi vya ibada nilivyosoma mwaka huu havikunifundisha kimya kama kile."

Victorine aliandika mpaka mwisho. Mara mbili kalamu ilisimama. Mara mbili Anaclet alimwuliza kama amechoka, naye akasema hapana, ni joto. Padri Laurent, ambaye hakuuona mwisho, aliyapenda maneno yale, akayapeleka kwa mpiga chapa.

Jumapili iliyofuata baada ya gazeti kutoka, serkle ilikutana, Padri Laurent akiwapo. Victorine alimfikisha mume wake mpaka kwenye kiti chake karibu na mlango, kisha akatoka kungoja nje, kwani mkutano ulikuwa wa wanaume. Floribert Ngosa, mwalimu kijana mwenye ulimi mwepesi, alisimama na gazeti mkononi, akausoma ukurasa ule kwa sauti ya kuhubiri. Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele.

"Baba Anaclet," alisema Floribert, "tunakuheshimu. Lakini ile bomu ililipuka! Picha iligeuka nyeupe, halafu majivu yakaanguka juu ya manguo yaliyoanikwa. Mji wote uliisha. Sisi wote tuliona. Weye ulikuwa wapi?"

Anaclet hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa vyote kwa mara moja: mkono uliokaza, sauti nyembamba, kalamu iliyosimama. Angeweza kumtaja mke wake, na hapo angelazimika kutaja macho yake pia.

"Nililala," alisema.

"Ulilala?" Padri Laurent aliuliza, na uchungu ulikuwa katika sauti yake. "Ukaniletea maneno ya kutunga?"

"Nililala, Padri. Niko muzee."

Hapo walicheka kweli. Anaclet akasimama kwa hasira, akafuta miwani, akageuka atoke. Lakini alipokuwa akifuta miwani, mtu aliyetaka kupita alikuwa amekisukuma kiti chake na kumgeuza kidogo, na kile kipimo alichokuwa nacho kichwani, hatua chache kushoto, kilikuwa kimeharibika. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukutani. Akapapasa. Viganja vyake vilipita juu ya chokaa, vikagusa fremu ya picha, vikarudi, vikatafuta tena mlango uliokuwa wazi upande wake wa kulia, jua likiingia kwa wingi.

Kicheko kikafa. Ni Floribert aliyetembea akamshika kiwiko.

"Baba," alisema polepole, "juu ya nini haukutuambia kama hauoni?"

Victorine alikuwa ameshaingia.

Nyumbani Anaclet alikaa kwenye kiti chake, akavua miwani, akaiweka mezani.

"Sasa nipe mwisho," alisema. "Ile ya kweli."

Victorine alimweleza. Mwanga uliokula picha yote. Majivu juu ya nguo. Mama wa yule fundi amesimama kilimani, mdomo wazi, na sauti haitoki.

"Ungeniambia tu."

"Ningekuambia namna gani, Baba Edouard? Walipiga makofi, unakumbuka? 'Ni kwetu.' Ile majiwe, mutoto wetu njo eko anachimba. Namuona yule mama, najiona miye. Mudomo ulikataa. Nilisema nitakuambia nyumbani. Halafu ukafurahi. Siku mingi haukufurahi."

"Nimeandika kwamba inasali."

"Njo vile, uliandika."

"Mbele ya mji wote, Victorine. Nimeita kifo sala."

Alikuwa hamwiti kwa jina lake tangu Edouard azaliwe. Victorine alikwenda jikoni, akasonga bukari, akaileta na mboga ya lengalenga. Anaclet hakugusa.

Padri Laurent alikuja mwenyewe kumpa pole. Alizungumza kwa upole, akasema ukurasa utashikwa na Floribert, na kwamba Mungu humpa kipofu taa nyingine. Anaclet alimshukuru. Padri alipoondoka, Anaclet alisema sentensi hiyo ameshaikuta katika vitabu vinne, na haikuwa nzuri katika hata kimoja.

Baada ya hapo alikataa kusomewa. Hakumkaripia Victorine, wala hakumnunia mbele ya watu. Alimshika bega wakienda misa kama zamani. Ila Victorine akimweleza jambo la kawaida, kwamba mvua inakuja, kwamba jirani amepaka nyumba rangi, Anaclet alinyoosha mkono nje kwanza kusikia kama kuna matone, au aligeuza uso kunusa rangi. Victorine aliliona hilo kila mara. Lilimuumiza kuliko matusi.

Vitabu vilikuwa bado kabatini. Jioni moja ya masika Victorine alichukua kimoja, akakaa karibu na mbabula, akakisoma bila kutoa sauti. Alishangaa mwenyewe: miaka ya kumsomea mume ilikuwa imemfundisha bila yeye kujua. Akawa anasoma hivyo kila jioni. Anaclet, kwenye kiti chake, alisikia karatasi tu zikigeuka, na mvua juu ya mabati. Zilipita jioni nyingi namna hiyo.

"Kinasema nini?" aliuliza siku moja, uso ameuelekeza ukutani.

"Juu ya mujane. Mutoto wake anakufa, naye anamushukuru Mungu siku ileile."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Minaona aliyeandika hakuzika mutoto hata mumoja."

Anaclet aligeuza uso kutoka ukutani. Kisha akamwambia aendelee, na kama akipenda, asome kwa sauti. Victorine alisoma ukurasa mmoja. Alipoinua macho, aliona mume wake ameweka vidole juu ya ukingo wa kitabu, kana kwamba anahakikisha kipo.

Aliishi misimu miwili zaidi. Kifua, ambacho alikuwa amekisingizia zamani, kilimshika kweli kwenye baridi ya mwezi wa sita, na kikammaliza kabla moto wa nyasi haujaanza porini. Edouard alipata ruhusa akaja kuzika, akarudi mgodini kwake na basi la kesho yake. Victorine alibaki Kamalondo. Jirani alimwomba vile vitabu kwa ajili ya binti zake, naye akavitoa vyote, isipokuwa kile cha mjane, ambacho alisema si kizuri cha kumpa mtu.