Basi Tupu la Jioni

Watu wa stendi walimwita mama huyu Chambo, na jina hilo alilipata kwa kukaa. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kukaa ndani ya basi lisilo na mtu, kiti cha mbele dirishani, mkoba mapajani, uso umekunjwa kama wa mtu anayechelewa mahali. Enzi hizo basi halikuondoka mpaka lijae, na hakuna abiria mwenye akili zake aliyepanda basi tupu, maana humo angekaa mpaka makalio yafe ganzi. Basi mpiga debe alikuwa akimwita Chambo na wenzake wachache, wanajipanga vitini, mpita njia anachungulia, anaona vichwa, Chambo anamwambia linaondoka sasa hivi, anapanda. Abiria wa kweli wakiongezeka, wale wa uongo wanateremka mmoja mmoja, huyu anasingizia soda, yule anasingizia simu. Kwa kazi hiyo Chambo aliezeka nyumba na kusomesha bintiye. Ila ukimuuliza mabasi yale yalikuwa yakifika wapi, hakujua, kwa kuwa hakuwahi kwenda nayo hata kituo kimoja.

Kisha jiji likayachukua mabasi mikononi mwake. Njia zikapangwa na jiji, nauli ikapangwa na jiji, na saa ya kuondoka ikabandikwa kituoni. Wenye mabasi wakaambiwa waombe zabuni, na aliyeshinda akawa analipwa kwa safari alizokwenda, si kwa vichwa alivyobeba. Saa ikifika basi linaondoka, liwe limejaa au liko tupu. Chambo na wenzake wakawa hawana kazi tena. Hakuna aliyewafukuza, hakuna aliyewakumbuka hata kuwafukuza, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliwasema watu wa jiji asubuhi na jioni mpaka majirani wakawa wanamkwepa.

Jambo moja tu lilimfunga mdomo. Mtaa wao uko juu ya kilima, nyuma ya machimbo ya kokoto, na wenye mabasi hawakuwahi kupeleka gari kule jioni. Barabara mbovu, walisema, na kurudi ni kurudi patupu. Sasa jiji lilikuwa limeweka basi la kule, linaondoka jua linapozama. Binti yake Chambo anafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, na muda huo ndio anaotoka. Miezi michache nyuma vibaka walikuwa wamemkaba pale machimboni, wakamnyang'anya simu na kumtegua mkono, na tangu siku hiyo kila jioni mama mtu anasimama mlangoni roho juu mpaka amuone. Tena mshahara wa binti ndio uliobaki kulisha nyumba. Chambo akameza hasira yake akasema haya, angalau hilo basi.

Afisa mmoja wa jiji, kijana mpole mwenye shati lililolowa jasho, alikuja kituoni kuwaeleza. Basi la kilimani liko kwenye majaribio. Mwezi ukiisha wataangalia linabeba watu wangapi, na likionekana linakwenda tupu, litahamishiwa mtaa mwingine. Watu wakaitikia vizuri kabisa. Wengine walimpigia makofi.

Na basi likaenda tupu. Kila jioni. Lilisimama pale mlango wazi, taa zinawaka, dereva ameshika usukani, na watu wa kilimani wamejazana hatua chache tu kutoka mlangoni, wanaliangalia. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze. Saa iliyobandikwa waliiona na kuielewa, lakini miguu yao ilikuwa na akili zake, na miguu ilijua kwamba basi tupu haliendi popote. "Lijae kwanza," walisema. Saa ikifika mlango unafungwa, basi linaondoka, nao wanatimua mbio nyuma yake wakilipiga mabati kwa viganja na kumtukana dereva. Dereva haruhusiwi kusimama katikati ya vituo. Baada ya hapo wenye chochote wanapanda pikipiki, wanaume wenye miguu mirefu wanatangulia, na binti wa Chambo anaachwa nyuma, anayapita machimbo peke yake. Njiani wote wanalalamika kwamba jiji haliwajali watu wa kilimani.

Chambo alimuuliza bintiye kwa nini asipande, hata kama wao ni wajinga.

"Peke yangu na dereva nisiyemjua, mama? Giza linaingia?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nangoja wenzangu waanze kulipanda. Basi hili likiondolewa, mimi kazi naacha. Sipiti tena machimboni. Siwezi."

Kesho yake Chambo akashuka stendi, akawavaa watu kituoni, akawaambia basi hili lina saa, likiondoka limeondoka, ingieni jamani. Aliyemjibu ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi viatu ambaye boksi lake la kazi limewekwa hapo hapo kituoni na ambaye huwa ndiye msemaji wa wote bila kuchaguliwa na mtu.

"Shemeji," alisema, akiwa na misumari mdomoni, "wewe umetwambia basi linaondoka sasa hivi kwa miaka mingapi? Tuache kidogo."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Chambo alirudi nyumbani damu inamchemka. Kinachouma ni kwamba shemeji alisema kweli. Mdomo wake ulikuwa umeuzwa kitambo, na sasa alipotaka kuutumia kwa jambo la kweli ukawa hauna thamani hata ya gundi ya kiatu.

Mwezi ukaanza kuelekea ukingoni. Siku moja, binti akiwa mapumzikoni, Chambo akaamua kufanya kile anachokijua. Akavaa vizuri, akachukua mkoba wake, akapanda basi la kilimani akakaa kiti cha mbele dirishani, na kuukunja uso wake wa kazi. Wakiona kichwa watapanda. Maisha yake yote wamekuwa wakipanda.

Hawakupanda. Alimwona shemeji yake akimwonyesha kwa nyundo na kuwaambia kitu wenzake, na wote wakatulia, wakalegea kabisa. Mmoja akaenda kununua maji. Wengine wakakaa chini wakaanza mchezo wa karata. Hapo ndipo Chambo alipoelewa. Hakuna mtu kituoni pale asiyejua kwamba Chambo akiwa bado amekaa ndani, basi haliendi. Amekuja kulijaza, na kwa kuingia kwake amelikwamisha.

Injini ikanguruma. Miguu ikamwinua yenyewe. Alishafika mlangoni, mkono mmoja kwenye nguzo, alipogundua amesimama. Miaka yote hiyo mngurumo ulikuwa na maana moja tu: teremka.

"Unashuka, mama?" dereva aliuliza.

Chambo aliwatazama watu wake, karata mikononi, hawana habari. Akarudi akakaa. "Nenda," alisema. "Ukisimama nitakushtaki jijini."

Mlango ukafungwa. Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa shemeji. Nyundo ilibaki hewani, mdomo ukaachama, misumari ikadondoka. Kwa kweli hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo, Chambo kuchukuliwa na basi. Walipopata akili za kukimbia lilikuwa limeshakata kona, naye ndani anapiga kioo kwa kiganja na kupiga kelele kwamba aliwaambia, aliwaambia, aliwaambia.

Alilia kwa hasira njia nzima, na njia yenyewe ilikuwa fupi. Machimbo yalipita dirishani kabla hajamaliza kufuta machozi. Basi likamshusha karibu na mlango wake, nyanya alizonunua stendi hazijabonyea hata moja. Hivyo tu. Jambo rahisi hivyo, na mwanawe alikuwa ameteguliwa mkono kwa kulikosa, kisha akaendelea kulikosa huku limesimama mbele ya macho yake.

Habari ilizunguka mtaa mzima usiku ule. Tangazo la jiji lilikuwa limebandikwa pale mwezi karibu wote lisimshawishi mtu, lakini Chambo kubebwa, hilo lilikuwa ushahidi. Kesho yake jioni alikwenda tena kukaa kitini, lakini goti lilimsumbua akachelewa kidogo, na alipofika alikuta basi limejaa. Kiti cha mbele dirishani amekaa bintiye, mkoba mapajani. Pembeni yake shemeji, na boksi lake la viatu miguuni.

"Viti vimeisha, mama," dereva alisema. "Kusimama hairuhusiwi."

Chambo akamwambia shemeji ampishe, yeye ni mtu mzima na goti linamuuma.

"Umekaa miaka yote, shemeji," fundi viatu alijibu, bila hata kumtazama usoni. "Acha na sisi tukae."

Binti akaanza kuinuka. Mama akamkazia macho kupitia kioo, lile jicho la tangu utotoni, naye akakaa. Mlango ukafungwa, basi likaondoka kwa saa yake. Afisa wa jiji alikuwepo, amefurahi kupita kiasi. Alimwambia Chambo kwamba kwa hali hii basi haliondolewi tena, bali wataomba liongezwe la pili.

"Hilo la pili linaondoka saa ngapi?"

Bado halijapangwa, afisa alisema. Labda mwakani.

Chambo akashusha pumzi. Akaokota jiwe moja la kumfaa mkononi, kwa ajili ya machimboni, akaanza kupanda kilima na goti lake bovu, akiwatukana mmoja baada ya mwingine: jiji, dereva, afisa, shemeji, na kila aliyekuwa amekaa ndani ya basi lile, kiti kwa kiti kuanzia nyuma. Alipofika kiti cha mbele dirishani, alinyamaza.