Dumu la Togwa Hadi Kigoma

Mama mdogo Eliwaza, aliyeolewa Kigoma kabla mimi sijazaliwa, alikuwa ameacha kula. Homa ilikwisha, lakini mdomo ulikataa kila kitu. Akasema labda angepata togwa ya dada yake angejaribu. Dada yake ndiye mama yangu, na miguu ya mama haiwezi tena safari. Basi nikaifunika cherehani yangu hapa Ihanja, nikajiandaa.

Mama alipika togwa, kinywaji cha uwele kinachochachuka, akaijaza kwenye dumu la lita tano na kubakiza nafasi juu. "Kifuniko kiache kimelegea," akaniambia, "togwa inapumua." Alilisema mara tatu, nami nikaitikia mara tatu.

Manyoni, mchana. Nilinunua maji chupa mbili na mayai ya kuchemsha, nikapanda treni, daraja la pili la kulala, chumba cha wanawake. Kitanda changu kilikuwa cha kati. Chini yangu alilala Mama Zuwena, muuza dagaa wa Kigoma, aliyetandika shuka lake jeupe linalonukia sabuni. Nikaliangalia lile shuka, nikaangalia dumu langu. Treni ilipoanza kuyumba, nikakikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Itigi wachuuzi walituletea asali dirishani. Mhudumu wa behewa la chakula naye akapita na soda na chai. Sikununua chochote, nilikuwa nimelikumbatia dumu na kujiona mjanja.

Tulipoipita Tabora, usiku, niligusa dumu nikakuta limevimba, gumu. Nikazungusha kifuniko kidogo tu. Togwa ikaruka hadi kwenye dari, ikaturudia, na nyingi ikaishia kwenye shuka jeupe. Nililia, na sikuwa nikililia shuka.

Mama Zuwena aliwasha tochi ya simu. Akauliza ni nani anayefunga togwa kama mafuta ya taa. Halafu akauliza naipeleka kwa nani, nikamweleza yote. Akachukua chupa yake ya maji ya kunywa, akalowesha pembe ya khanga, akanifuta uso na nywele kama mtoto wake. Kisha akakitia kifuniko kwenye mkoba wake.

"Hiki utakipata Kigoma," akasema.

Tulifunga mdomo wa dumu kwa kitambaa, tukalishika kwa zamu hadi kulipokucha. Lilikuwa limebaki robo. Asubuhi nilimnunulia chai na chapati, naye akanigawia dagaa wa kukaanga.

Kigoma. Mama mdogo alikuwa mkekani, amekonda hadi nikaogopa. Nilimwamkia shikamoo, nikaweka dumu mbele yake na kuomba msamaha kabla hajauliza. Akamimina kikombe, akanywa taratibu hadi mwisho, akaomba kingine. Moyo wangu ndipo ukatulia.

"Ulifunga kifuniko," akasema. "Mimi nilipokuja huku nikiwa bibi harusi, dada alinipa dumu kubwa kuliko hili. Lilifika tupu. Nikalirudisha kwa dada na salamu kwamba tumekunywa yote."

Akacheka. Mumewe alitoka uani akasimama mlangoni kumtazama, kwa kuwa alikuwa hajamsikia akicheka kwa wiki nyingi.

Nilikaa siku nane. Siku ya tano alikula ugali na samaki wa migebuka, akalalamika chumvi haitoshi.

Safari ya kurudi nilikunywa maji yangu kwa raha na kumpisha kila mtu kitanda alichotaka. Nimejifunza kwamba anayekuagiza jambo mara tatu anakujua kuliko unavyojijua.

Ihanja, jioni. Mama aliuliza kama togwa ilifika. Nikasema ilifika yote, na mama mdogo sasa anakula. Akafumba macho, akamshukuru Mungu. Kisha akalichukua dumu, akaliweka chini. Halikusimama. Kitako kilikuwa kimevimba, likayumba na kuangukia upande.

"La mdogo wangu nalo lilirudi hivihivi," akasema, akaenda kuchambua uwele wa dumu jingine.